Kuchagua Kisu

Kila aliyepasuliwa tumbo ili apungue alipeleka nguo zake kwa mama mmoja fundi cherehani zikapunguzwe. Nyuma ya pazia la kupimia, wanawake walivua na kusimuliana matapishi yao bila haya wala soni, naye fundi kapiga magoti na pini mdomoni, hana pa kukimbilia. Kinyaa kilimkaba hasa!

Wifi yake alikatwa tumbo, mfuko wa chakula ukaachwa mwembamba kama ndizi. Kupungua kapungua, lakini kiungulia jamani! Analala ameketi, na akikupumulia unatamani kuhama mtaa. Mama Pacha, mteja mwingine, yeye aliunganishwa njia ya mkato, chakula kinaruka sehemu ya utumbo. Kisukari chake kimetulia, ila akionja keki tu, jasho chapachapa, mbio chooni. Na vidonge vya vitamini atameza mpaka kufa.

"Bora mimi!" walitambiana, ngozi za matumbo zikining'inia. Jirani aliyefungwa mpira wa kubana tumbo kwa ndani alijifanya anatafuta viatu. Wake ulishatolewa, unene ukarudi, na gauni lake lilikuwa mezani likifumuliwa, lipanuliwe tena.

Sasa zamu ilikuwa ya fundi mwenyewe. Kiungulia anacho siku nyingi, na kisukari kimeanza kumla macho. Macho yakizima, sindano ataitunga vipi, na watoto watakula nini? Alikwenda kwa daktari roho juu, akiongozana na mumewe.

"Kwa hali yako mama," daktari alisema, "kukatwa tumbo kunaweza kukuzidishia kiungulia. Njia ya mkato inaelekea kukufaa zaidi, hasa kwa kisukari. Lakini vitamini usiache kamwe, na macho tutaendelea kuyaangalia."

Mume akajikohoza. "Hayo ya macho tisa, daktari; kumi, ipi haiachi ngozi imelegea? Nimemwona dada yangu mikono ilivyo. Mimi siwezi kulala na gunia tupu." Akacheka, akidhani daktari atamuunga mkono.

Fundi alimtazama yale meno. Ptuu! Matapishi yote aliyosimuliwa nyuma ya pazia hayakuwahi kumchefua namna hii. Mtu huyu amezaa naye watoto wanne.

"Njia ya mkato, daktari," alisema. "Na siku ya kupasuliwa nitakuja na dada yangu. Nikizinduka, huyu nisimwone."

Mume akaacha kucheka. "Mama watoto, si nilikuwa natania?"

"Dada yangu," fundi alirudia, akimtazama daktari.