Filamu za Shangazi na Ukuta wa Jirani

Juzi binti yangu alinilazimisha kutazama naye filamu ya nyumba yenye mashetani. Milango ikajibamiza, vioo vikapasuka, kitu chenye nywele ndefu kikaruka kutoka chini ya kitanda. Yeye alijifunika shuka hadi puani. Mimi nilikuwa nikiwaza kama nimezima jiko. Kisha ikaja sehemu ndogo tu: mwanamke amekwama ghalani, amwita mumewe, na mume yuko sebuleni acheka na wageni, redio yaimba. Hakuna damu, hakuna shetani. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi, nikainuka tena.

"Mama, mbona hutulii?"

Jibu lenyewe liko mbali, Mji wa Kale, darini kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mshonaji. Aliachwa na mumewe mapema akarudi kukaa nasi, na starehe yake ilikuwa moja: filamu za kutisha. Siku ya Ijumaa, wanaume wakisharudi msikitini na pilau ikishaliwa, alivaa buibui lake akaenda Bondeni kukodi kanda ya video. Mimi na binamu yangu tulimngoja ngazini. Alirudi na kanda kwapani na bajia za moto zilizofungwa kwa gazeti, mafuta yamepenya hadi nje. Madirisha yakafungwa ili chumba kiwe giza. Na joto lile, wewe! Tulitota jasho, vidole vinanata chatne ya nazi, na shangazi akiwafokea watu wa kwenye filamu kama wanawe wa kuwazaa: "Usishuke huko, we mwana! Huna mama wa kukukanya?"

Alikuwa na kipimo chake. Kitisho kikipamba moto, alizima sauti. Picha zikabaki zikihangaika kimya, na mara nyingi tuliangua kicheko, kwani shetani bila ngoma zake alikuwa mtu tu aliyepakwa unga.

"Mwaona? Hiyo si hofu, ni kelele," alisema. "Ukitaka kunitisha mimi, nipe nyumba niijue kwanza. Nijue wapi walala, nani amimina chai. Halafu niharibie kitu kimoja tu."

Ijumaa hiyo ninayokwambia, filamu ilikuwa ya kelele kuliko zote. Tulicheka na kupiga mayowe tangu mwanzo. Ilipofika zamu ya shetani kutokea, shangazi akazima sauti kama kawaida yake. Na ndani ya kimya kile tukasikia ukuta unagongwa.

Du. Du. Kimya. Kisha du.

Binamu yangu akamrukia shangazi mapajani, akaanza kusoma Ayatul Kursi, akaikosea, akaanza upya. Nilimtazama shangazi nikitaraji acheke. Hakucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yake hayakubanduka ukutani. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiogopa. Nilihisi kama sakafu imeondoka, kwa sababu kama yeye aogopa, nani aliyebaki?

"Ni jini," binamu yangu akanong'ona.

"Nyamaza nisikie."

Akainuka. Akaweka sikio ukutani, akachukua mkasi wake wa kushonea, akagonga. Ukuta ukajibu, haraka haraka, bila mpango.

"Yaa Rabbi," akasema shangazi. "Nyuma ya ukuta huu ni ngazi za jirani!"

Jirani alikuwa bibi mjane aliyekaa peke yake, ambaye kila Ramadhani alituletea kaimati katika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Shangazi alijitupia leso akateremka mbio, nasi nyuma yake. Mlango ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. "Hodi! Hodi, bibi!" Hapakuwa na jibu. Muuza kahawa na seremala wa kichochoroni wakausukuma kwa mabega hadi komeo likang'oka.

Alikuwa amelala chini ya ngazi, mguu umepinda vibaya, mchi mkononi. Alianguka akiwa anaupeleka juu, na ndio alioutumia kugonga. Walipokuwa wakimwinua, alimshika shangazi kidole kimoja, akamwambia kwa sauti iliyokwisha:

"Nilikuwa nikiwasikia. Nagonga, mwacheka. Nagonga, mwacheka. Sikuogopa kufa, mwanangu. Niliogopa vile mlivyokuwa karibu."

Shangazi alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya leso, akapanda naye gari kwenda hospitali.

Mguu uliunga, alhamdulillahi, na bibi akaishi miaka mingi baadaye na mkongojo wake, kaimati zikaendelea kuja. Shangazi naye hakuacha filamu zake. Lakini madirisha hayakufungwa tena, na katikati ya mchezo alikuwa akinyanyua kichwa ghafla: "Mmesikia?" Tukanyamaza sote, tukasikia cherehani ya mtaani, mtoto analia, mtu anatwanga. Ugonjwa huo nimeurithi. Ndiyo maana shetani wa nywele ndefu hanipati, na mwanamke anayeita mahali penye vicheko hunikosesha usingizi.

Shangazi na bibi wote wawili wametangulia mbele ya haki. Nyumba ya bibi sasa ni ya kulaza wageni. Mimi nakaa gorofani, karibu na Makadara, na majirani zangu nawajua kwa mlio wa viatu vyao tu. Nimeanza kuwabishia hodi, nikiwa na sahani ya mahamri au sina kitu. Zamani kule mtaani ukisema hodi, ulijibiwa "Karibu" kabla hujajulikana ni nani. Hapa nasikia hatua zikija hadi mlangoni, zikasimama. Kisha sauti, ndogo, kutoka ndani: "Nani?"

Nami nasimama pale, sahani mkononi, nikijitaja jina.