Punje ya Chaki

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona chaki, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nikiosha vyombo vya kioo katika maabara ya kemia ya chuo kikuu. Aliyevichafua ni Okoth wa Homa Bay, tuliyekalia naye dawati moja sekondari kule Migori. Yeye alisomea shahada. Mimi nilishika brashi.

Okoth alikuwa akikuza fuwele, jiwe angavu ambalo ukilibana hutoa umeme. Lilining'inia kwa uzi ndani ya mtungi wa maji ya chumvi, likinenepa taratibu. Likifika ukubwa wa kidole gumba, shahada ni yake. Kwa wiki sita tulipita hapo tukinyata, maana maji yale hayakutaka mtikisiko wala vumbi, la sivyo chumvi yote ingeganda chembechembe. Hata profesa alinyata. Na mimi, niliyemshinda Okoth hesabu kidato cha pili, nililinyatia jiwe lake na ndoo mkononi. Nilimshinda mara moja tu, lakini hasidi hana sababu.

Adhuhuri moja, wenzangu wakila, nilifunua mtungi nikadondosha punje ya chaki ya bluu. Basi. Kufikia alasiri mtungi umejaa chembe nyeupe kama uji uliolala, na jiwe limezama humo.

Okoth alitazama kitambo, kisha akanigeukia mimi, kati ya watu wote. "Omera, ndugu yangu, nimekosea vipimo. Wewe ndiye wa hesabu. Njoo tukague pamoja."

Mzee Chacha, fundi wa maabara, aliuchuja ule uji, akanivuta kando na kuniwekea ile punje ya bluu kiganjani. "Okoth ataanza upya," alisema. "Wewe je, utaanza lini?"

Nilitoroka jioni ile. Isebania, Rongo, Mbita, kote nimeishi, nikijidai napenda safari. Mwaka jana ndipo nilipomkuta Okoth sokoni Homa Bay, nikamwambia yote.

"Jiwe nilikuza jingine," akasema. "Wa kukagua naye hesabu ndiye niliyemkosa."

Hata hapo nilimwonea wivu, kwa wepesi wa moyo wake.

Mwanangu, kijicho kikikushika, kiseme mapema kwa huyo huyo unayemwonea wivu, hata kwa mzaha. Mficha uchi hazai. Mola akupe kazi yako mwenyewe ya kunyatia, na mkono mtulivu unapopita karibu na ya mwenzako.