Pikipiki Ndogo ya Shangazi Mwanaidi

Enzi zetu, ninyi wa rika langu mtanishuhudia, pikipiki ilifika masikioni kabla ya kufika machoni. Tulikuwa tumechuchumaa chini ya mikorosho ya Kibiti tukila mabibo, vidole vinanata, ndimi zimekaza kwa ukakasi, mara tunasikia kwa mbali, upande wa barabara itokayo mtoni, mlio kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Mabibo yanatupwa. Tunakimbia, wa mbele akiwa hana shati, wa nyuma akilia asiachwe. Tukifika barabarani, aghalabu tunakuta vumbi tu, limesimama hewani kama pazia, na harufu ya petroli. Tuliivuta harufu ile puani taratibu, macho tumefumba, kana kwamba mtu ametuachia zawadi.

Hizo zilikuwa pikipiki kubwa za polisi, nyeusi, zenye mlio wa ubabe. Zilitisha zikiwa kwenye ardhi ngumu. Zikiingia kwenye mchanga wetu zilizama mpaka tumboni, na askari akaanza kutuita kwa upole: "Wanangu, hebu njooni msukume."

Hii ninayotaka kuisimulia haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa nyembamba, baiskeli iliyonenepa kidogo tu, yenye pedeli za kukanyaga ili injini iamke, na tangi lisilozidi ukubwa wa kibuyu cha togwa. Mtu mfupi akiikalia, nyayo zote mbili zinagusa chini. Ikikwama matopeni, watoto wawili waliinyanyua. Chupa chache za petroli kutoka duka la Mhindi, zikichujwa kwa kitambaa ili zisiingie taka, ziliitosha kwa safari nyingi. Ukifika mtoni unailaza ndani ya mtumbwi pamoja na magunia, unavuka nayo.

Ililetwa na lori wakati wa Mwingereza, kwa ajili ya dispensari ya Kibiti. Mkunga wa dispensari ile alikuwa Shangazi Mwanaidi, dada yake baba. Nililelewa nyumbani kwake, pamoja na Bibi, mama yao. Sisi si wenyeji wa Kibiti. Asili yetu ni Mbwera, huko kwenye visiwa na vijito vya delta, ambako mtoto anajua kushika kafi kabla hajajua kufunga kikoi. Wenzetu wa Kibiti hawakuacha kutukumbusha. "Watu wa maji hao," walisema, hata tukiwa tumekauka kabisa.

Dereva wa lori alimwonesha Shangazi mara moja tu: hapa moto, hapa breki, hapa kengele. Kisha akampa ujumbe kutoka ofisi ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, kule Utete. Mfungo ukiisha, sajini wa polisi atakuja kumwangalia. Akiweza, pikipiki inabaki. Akishindwa, inapelekwa Nyamwage kwa dresa wa huko, mganga msaidizi, mwanamume, anayejua kuendesha tayari.

Shangazi akaisogelea pikipiki. Aliipangusa vumbi kwa ncha ya kanga yake. Mimi nilijua kwa nini aliitaka. Masika yaliyopita aliitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu mashambani, mbali. Alitembea. Adhana ya alasiri ilimkuta njiani, na ya magharibi ikamkuta njiani. Alipofika, alikuta wanawake wamekaa kimya nje ya nyumba, na hakuna aliyeinuka kumpokea mkoba. Tangu siku ile alikuwa akisikia mtu anabisha hodi hata pasipo na mtu.

Basi Ramadhani ile yote, baada ya alasiri, alijifunza. Nikifumba macho naiona saa ile: jua limelegea, maua ya mikorosho yananukia utamu uliochacha kidogo, futari ya muhogo inatokota kwenye kila jiko, na sisi watoto tuliofunga nusu siku tukijidai tumefunga nzima. Bibi amekaa mkekani anapepeta mpunga mpya. Shangazi anakanyaga pedeli, kitu kinakohoa, kinaitika, kinaondoka naye. Sisi nyuma, tumeshika makuti katikati ya miguu, tunavuma kwa midomo mpaka mate yanatutoka.

Na kila alipofika penye kona, alikwenda moja kwa moja shambani.

"Mwanaidi!" Bibi aliita bila kuinua macho kwenye ungo. "Muhogo huo nimeupanda mimi. Ukitaka kuung'oa sema, nikupe jembe."

"Mtu wa Mbwera huyo," alidakia jirani kutoka uani kwake, "anatafuta maji!"

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, ili nisionekane wa upande wake. Shangazi alijifuta mchanga kwenye kiwiko, akaiinua pikipiki, akaanza upya. Kona ileile, muhogo uleule. Siku zikaenda, mwezi ukapevuka, ukaanza kumeguka, naye hajaipinda kona hata moja.

Bibi ndiye aliyeligundua kosa. Alikuwa ameweka ungo chini, anamtazama bintiye kwa makini. "We mtoto," alisema, "umekaa humo kama uko mtumbwini."

Ilikuwa kweli. Aliyekulia kwenye mtumbwi, chombo kikilala kushoto yeye hujitupa kulia, wala hangoji kufikiri. Bila hivyo mmezama. Lakini pikipiki ikitaka kupinda kushoto lazima ilale kushoto kidogo, na Shangazi kila ilipolala alijitupa upande wa pili kuiokoa. Mwenyeji wa Kibiti asingeanguka namna ile. Angeanguka kwa namna yake.

"Mtungi wa maji unajua kuubeba?" Bibi akauliza.

"Mama, na mimi nimefunga. Usinichokoze."

"Nakuuliza. Ukipinda njia na mtungi kichwani, unajirusha?" Akainuka, akachukua kata, ile pete ya nguo tunayowekea mzigo kichwani, akamwekea utosini juu ya ushungi. "Haya. Nenda na chombo kinakokwenda. Kata ikianguka, nami nakula futari yako."

Ikaanguka, na tena, na tena. Akijitupa upande wa pili, kata inaruka. Akikubali kwenda na chombo, kata inatulia. Siku moja, mfungo ukielekea ukingoni, tulimwona anaifikia kona, anainama nayo taratibu kama mtu anayegeuka usingizini, anaimaliza, anaendelea. Tulisimama na makuti yetu, midomo wazi. Bibi alirudi kwenye mpunga wake, na siku hiyo alipepeta akiimba.

Sajini alikuja baada ya Idi, mikono ya kanzu zetu bado ina mikunjo ya dukani. Pikipiki yake kubwa ilizama mchangani karibu na sokoni, tukamsukuma, akafika amelowa jasho na hana furaha. Watu walikuwa wamejaa mbele ya dispensari. Akamwambia Shangazi auzunguke mkorosho, akauzunguka. Asimame, akasimama. Azime, awashe, arudi. Vyote akavifanya.

"Vizuri, mama," alisema sajini. "Lakini huendi kutembea peke yako. Mgonjwa utambebaje? Mpakie mtu nimwone."

Watu wazima wakaanza kutazama viatu vyao. Shangazi akatafuta kwa macho, akaniona. Aliniita kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Njoo, baba. Panda."

Nyuma yangu rafiki yangu Mfaume alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Akipakiwa na mwanamke huyo, kesho tunampelekea kanga!" Wenzangu wakaangua kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, umri ambao mvulana anaogopa kicheko kuliko simba. Nikachimbia vidole vya miguu mchangani.

"Mguu unaniuma, Shangazi."

Alinitazama. Hakukunja uso. Sajini akavuta pumzi, akaanza kuvaa glavu zake. "Kama hata watoto wa nyumbani hawakuamini, mama..."

"Nani hamwamini?" Bibi alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, makapi ya mpunga yangali kwenye kanga yake. "Mimi huyu nilimbeba mgongoni shambani na kurudi, mvua na jua. Leo na anibebe yeye." Akakaa upande kwenye keria, akajifunga kanga vizuri, akamshika bintiye kiunoni. "Twende, Mwanaidi. Usiniaibishe kwa watu wa nchi kavu."

Wakaondoka. Wakauzunguka mkorosho. Badala ya kurudi wakashika barabara, kanga ya Bibi inapepea, mlio unapungua, unapungua, mpaka ukabaki upepo kwenye majani. Sajini akauliza, "Wanakwenda wapi?" Hakuna aliyejua. Waliporudi, Bibi alishuka kwa utulivu akasema alitaka kuona mchanga unapoishia. Sajini akacheka mpaka akavua kofia, na pikipiki ikabaki Kibiti.

Miaka iliyofuata, wanawake wa mashambani waliujua mlio ule. Wakiusikia kwa mbali, walibandika maji motoni. Wakati wa mafuriko Shangazi aliilaza mtumbwini akaenda nayo mpaka akaukuta mchanga tena. Wapo watu wazima leo waliozaliwa mikononi mwake kwa sababu alifika adhana ya pili haijasikika.

Mimi hakuniita tena, wala hakunisema. Nilingoja aniite, kiburi hakikuniruhusu kuomba. Baadaye nikaenda sekondari, nikapata kazi Dar es Salaam, nikanunua pikipiki kubwa kuliko akili yangu ili nionekane, nikavunjika bega mwezi uleule. Shangazi alikuja hospitali na chungwa lililomenywa. "Ungeanza na ndogo, baba," alisema tu. Nilikusudia, nikipona, niende Kibiti nimwombe anipakie. Nikaahirisha mpaka nikaletewa habari za msiba wake.

Siku hizi Kibiti ni lami, na pikipiki ni nyingi kuliko kuku. Vijana wanajifunza asubuhi, jioni wanabeba abiria, mguuni kandambili, simu imebanwa baina ya sikio na bega, muziki unapiga kelele hata injini haisikiki. Wanapita siku nzima na hakuna anayeinua kichwa kuuliza nani anakwenda wapi, nani anangojwa. Ni wema lakini, wananiita "babu" na kunishika mkono nipande. Nami napanda, nakaa nyuma, nawashikilia kiunoni bila haya. Nimekwisha kupakiwa na vijana wengi nisiowajua hata majina. Shangazi Mwanaidi hakunipakia hata siku moja.