Mkono Aliouzoea Njiru

Ciakuthii alizaliwa mashoto katika nchi kavu ya Kiritiri, na watu wakatumia miaka mingi kujaribu kumponya. Wakati wa kula, nyanya yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa. Mwalimu wa darasa la kwanza alitumia kiboko. Mwishowe alijifunza: akaandika kwa mkono wa kulia, akala kwa mkono wa kulia, akasalimia wazee kwa mkono wa kulia. Mbuzi peke yao hawakuwa na neno. Jioni alipochutama ubavuni mwao, kibuyu mkono wa kulia, akikama kwa ule wa kushoto, hakuna aliyemtazama, na mkono ukapumua.

Aliolewa Kianjokoma, juu kwenye baridi na mashamba ya majani chai. Mume wake, Ishmael Nyaga, alikuwa karani wa chama cha kahawa, mtu mpole na mwenye utani. Mwaka wa sabini na sita walipata ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, mweusi tititi, wakamwita Njiru. Krismasi ya mwaka huo Nyaga akamletea mkewe saa. Ciakuthii akaivaa mkono wa kulia.

"Mama Wambura, hapo umekosea," Nyaga alisema. "Kanisani watafikiri tulivaa gizani."

"Imekaa mahali pake."

Nyaga akacheka. Ciakuthii hakueleza. Alikuwa amechoka zamani kuueleza mkono wake.

Mvua za Aprili zilipokuja, aliteleza kwenye kijia akiwa na mzigo wa nyasi mgongoni, akavunjika mkono wa kushoto. Hospitalini walimfunga plasta kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alirudi nyumbani akiwaza jambo moja tu. Ndama wa Njiru alikuwa amekufa, kwa hiyo hakukuwa na wa kunyonya. Nani angekama?

Jirani yao Phyllis alikuja na ndoo yake, mwanamke aliyekama ng'ombe tangu usichana. Njiru akaipiga ndoo teke. Asubuhi alirudi, akasema naye kwa upole, akamwimbia hata wimbo wa kanisani. Safari hii teke lilimkalisha Phyllis kwenye mavi.

"Mama Wambura, ng'ombe wako ana kiburi kama bibi ya chifu!" alisema akijipangusa. "Mimi nimeshindwa. Nimeshindwa kabisa."

Kufikia mchana kiwele kilikuwa kimekaza kama ngozi ya ngoma, na kilikuwa na joto. Ciakuthii alikipapasa akahisi ugumu ukianza ndani. Aliujua mwendo wa ugonjwa huo: maziwa mabonge, kisha damu, kisha chuchu moja inakufa na nyingine inafuata, na siku moja mchinjaji anafungua lango. Alisimama pale na plasta yake. Katika nyumba hii ni Njiru peke yake aliyekuwa akipewa mkono ule wa kushoto, kila alipokamwa, bila kuombwa radhi.

Nyaga aliporudi kazini alimkuta bado zizini.

"Baba Wambura, utamkama wewe."

"Mimi? Mimi ni mtu wa kalamu."

"Phyllis alikaa upande wa kulia. Wote hukaa hapo. Wewe kaa huku, ukame kwa kushoto. Huyu hajui mkono mwingine."

Nyaga alivua koti. Akakaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, na Ciakuthii akaushika mkia kwa mkono wake mmoja mzima. Njiru aligeuza kichwa, akamnusa yule mtu mpya, akatulia. Vidole vya karani vilikuwa vizito. Tone la kwanza lilianguka kwenye kiatu. Kisha saa yake mwenyewe, aliyoivaa mkono wa kushoto, yenye mkanda wa chuma, ikakwaruza kiwele, na mguu wa nyuma ukainuka. Nyaga akaanguka chali.

"Saa!" Ciakuthii alipiga kelele.

"Saa imefanya nini?"

"Inamchuna! Itoe mkono huo!"

Alitafuta pa kuiweka. Chini ni tope, mfuko wa shati umetoboka, na mkewe hakuwa na mkono wa kumpokelea.

"Itie mkono ule mwingine, mzee. Haitakuuma."

Nyaga akaisukuma saa juu ya mkono wa kulia. Alisimama akiitazama pale, kama mtu aliyevaa kofia ya mwenziwe.

"Kumbe ndiyo sababu," alisema taratibu. "Na mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulicheka."

Nyaga alikaa tena, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu mweusi, akavuta. Kwanza yalitoka mabonge mawili matatu, ya manjano, yakamwagwa. Ciakuthii alikaza macho kutafuta damu. Hakukuwa na damu. Kisha maziwa yakaja, meupe, membamba, yakigonga chini ya ndoo kwa mlio uleule alioujua, ila wa polepole sana.

"Niache?"

"Usiache. Mpaka kiwele kilegee."

Alikama hadi yakabaki matone tu. Njiru alianza kucheua. Hapo Ciakuthii akauachilia mkia, akainama, akapitisha kiganja chini ya kiwele chote. Kilikuwa laini, kimepwaya, kimepoa. Akapapasa tena, kwa kutoamini. Akakaa juu ya rundo la nyasi.

"Ni mbaya?" Nyaga aliuliza, ameshtuka.

Ciakuthii alitikisa kichwa. Alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka, na plasta inamuuma kwa kicheko.

"Ni mzima," alisema. "Kesho alfajiri utamkama tena."