Sauti yangu kwenye simu ya mtu

Leo nimeisikia sauti yangu kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

Nlikuwa sokoni Darajani, nachagua samaki. Mtu huyo akasimama kando yangu, akaibonyeza simu yake. Ni mimi, ile sauti niliyoituma juzi kwenye grupu letu la ukoo, nauliza kwa nini binamu yetu kachukuliwa na askari kwa kusema tu mkutanoni.

"Bi Salma," akaniambia taratibu, "una sauti nzuri. Itunze."

Akatabasamu, akenda zake.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Mama kauliza, "Samaki yuko wapi?" Nikamwambia bahari imechafuka.

Grupu lile lina ndugu zangu tu. Nani kampelekea?

Nnaogopa, jamani. Msinijibu hapa mtandaoni. Atakayekuja kwangu, abishe hodi kwa jina lake.