Mikono ya Rehema Haikupigwa Jicho, Ni Mimi na Sahani Yangu

Kosa nilifanya mimi. Si jini, si jicho la mtu, si maji ya mafuriko. Ni mimi, mwanamke mwenye akili timamu, niliyemaliza kidato cha nne na kupasi fizikia! Nayasema haya mbele yenu kwa sababu hapa kwetu Garsen nimeyasema mpaka nimechoka, na bado kuna wanaotaka kumsingizia mtu mwingine.

Jina sitalitaja. Wa kunijua atanijua, na akinijua hanitishi.

Mimi ni mpakaji wa hina. Upande wetu bibi harusi hatoki ndani bila hina mikononi na miguuni. Akitoka na mikono mitupu, wakwe watauliza kama nyumba hiyo ina wanawake. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa maana, nakaribishwa kila harusi na nalishwa pilau kabla ya wageni. Nilikuwa, nasema.

Mwaka ule wa El Niño, binamu yangu Rehema alikuwa anaolewa na kijana wa Tarasaa. Rehema ni binti wa shangazi yangu aliyenilea. Tumelala kitanda kimoja mpaka tukawa hatutoshi. Nani mwingine angempaka hina kama si mimi?

Shangazi alinitia pakiti moja ya hina mkononi. Moja! Barabara ya Malindi ilikuwa imekatika, maduka yameishiwa, na mhina wa jirani tuliokuwa tukichuma majani yake ulikaa majini mpaka ukaoza.

"Hii ndiyo iliyobaki soko zima," akaniambia. "Na piko usimguse nayo mwanangu. Wajua mwenyewe yaliyompata."

Nilijua sana. Piko ni ile dawa nyeusi ya nywele. Wanawake wengi huuchanganya unga wake na hina ili rangi iwe nyeusi tii. Idi moja Rehema alipakwa piko, mikono ikamvimba kama mahamri, akashinda wiki nzima analishwa na mamake. Tangu siku hiyo kwake ni hina tupu.

Sasa sikilizeni nilivyojiponza.

Hina huchekechwa kwanza kwa kitambaa cha nailoni, isiwe na vijiti. Nilikuwa jikoni na sinia langu mapajani, nimemaliza kuchekecha, unga wa kijani laini kama poda. Kopo la piko la mteja wangu mwingine lilikuwa rafuni, na kifuniko sikukikaza. Nikainuka nalo, leso yangu ikakwama kwenye rafu, kopo likaja chini. Pu! Katikati ya sinia!

Kwa kupaparika nikaingiza vidole kuuchota ule weusi. Nikazidi kuuvuruga. Hina ya bibi harusi, pakiti ya mwisho, imeingia piko yote!

Mtu mwenye haya angepiga kelele, shangazi akaja, nikatukanwa na mambo yakaisha. Rehema angeolewa na mikono mitupu na dunia isingepasuka. Lakini mimi na kichwa changu kigumu? Nikakumbuka shule.

Mwalimu wetu alikuwa akisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele zake, halafu anaipitisha juu ya vipande vya karatasi. Karatasi zinaruka zenyewe na kuigandia. Umeme huo, akasema, unatokana na kusugua tu, na kitu chepesi ndicho kinachoruka kwanza. Nikajiambia: hina ni majani yaliyosagwa, nyepesi. Piko ni nzito, kama mchanga. Nikiivuta hina juu, piko itabaki chini.

Nikachukua sahani ya plastiki, nikaisugua kwenye shumizi yangu ya nailoni, nikaishika juu ya sinia. Wapi! Hewa ilikuwa na unyevu wa mvua zile, na unyevu huuzima umeme wa namna hiyo. Mwingine angekata tamaa hapo. Mimi nikaweka sinia juu ya makaa mpaka likapata joto, nikaikausha na sahani pia, nikasugua tena kwa nguvu zangu zote.

Unga wa kijani ukaruka! Wallahi uliruka na kuigandia sahani kama una roho. Nikaukung'utia kwenye gazeti, nikasugua, nikarudi tena, na tena. Kila nikipitisha sahani, kijani kinapanda na weusi unabaki kwenye sinia. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikajiona mhandisi.

Tena nilijifanya mwangalifu. Nikakoroga kidogo, nikajipaka kwenye kifundo cha mkono, nikangoja. Hakuna kuwasha, hakuna kuvimba. Mjinga mimi! Piko haijanidhuru mimi maisha yangu yote, nimeishika kila siku ya kazi. Niliijaribu ngozi yangu, na anayeolewa alikuwa Rehema!

Nikampaka alasiri ile. Maua kwenye viganja, mizabibu mpaka kwenye viwiko. Rangi ikakolea ajabu, nyeusi yenye wekundu ndani. Hapo ningepaswa kushtuka, maana hina tupu haitoi weusi ule. Sifa zikaniziba macho.

Wa mwisho kusifu alikuwa Hawo, mama wa Kiorma aliyekuwa akimuuzia shangazi maziwa tangu sisi wadogo. Alileta mitungi miwili ya maziwa ya harusi, akamshika Rehema vidole. "Hii mkono nzuri sana! Hii rangi mimi sijaona bado." Akaenda zake.

Asubuhi mikono ya Rehema ilikuwa imefura. Malengelenge yamefuata maua yangu, jani kwa jani, mpaka kwenye viwiko! Analia hawezi kushika hata kikombe. Wakwe walipofika shangazi akamfunga mikono kwa leso, lakini mama mmoja wao akaifunua kutaka kuiona hina. "Huyu ana ugonjwa gani?" akauliza kwa sauti. Minong'ono ikaanza kwamba warudi kwao. Bwana harusi, Mungu ampe heri, akasema yeye anaoa mtu, haoi mikono. Ndoa ikafungwa.

Shangazi hakutafuta mbali. "Ni yule Hawo! Kasifia bila kusema mashallah, kampiga mwanangu jicho!"

Na mimi? Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza.

Kesho yake Hawo akaja na maziwa kama kawaida. Shangazi akampokonya mtungi mlangoni, akayamwaga yote kwenye tope, akamwambia asikanyage hapo tena. Hawo akaangalia huku na huku kutafuta mtu wa kumtetea. Akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa. Lile la sahani lilikuwa ujinga, wasomaji. Hili lilikuwa uovu, na sina jina jingine la kulipa.

Miezi ikapita. Rehema akaja kutusalimu, mikono imepona lakini imebaki na mabaka meupe. Akaniambia, "Dada, usijilaumu. Hina yako ilikuwa nzuri. Ni jicho tu."

Hapo nikapasuka. Nikasema yote, mbele yake, mbele ya shangazi na majirani. Hakuna aliyeniamini! Ati namtetea Hawo kwa sababu ananipa maziwa ya bure. Nikasema haya, leteni hina, leteni piko, leteni sahani. Nikavuruga, nikasugua, unga ukaruka mbele ya macho yao. Kisha nikaufuta ule wa kijani, ule niliouona safi, kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji.

Nukta nyeusi zikajitokeza kitambaa kizima. Piko ilipanda pamoja na hina, chembe ndogo ndogo ambazo zikiwa kavu huzioni. Ndiyo kwanza na mimi nazijua.

Mnadhani walisema pole Hawo? Walipiga ukunga! Unga unaruka wenyewe, huo ni uchawi! Basi jicho likaondoka kwa Hawo na mimi nikawa mchawi. Rehema aliitazama mikono yake, akaingia ndani, na mpaka leo hajasema na mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Hayo mengine hayanipi homa. Harusini haniiti mtu, na shangazi akiniona anavuka njia. Avuke!

Nikamwendea Hawo sokoni. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku akipimia watu maziwa.

"Siku ile wewe najua?" akauliza.

"Nilijua, mama."

"Mimi namwagiwa maziwa, wewe nasimama."

"Nilisimama, mama. Nisamehe."

Akajaza kikombe cha mteja. "Mashallah mimi nasema. Nasema polepole, na roho yangu. Nani nasikia?" Kisha akaweka kikombe chini, akakunja mkono wa nguo yake, akaninyooshea kiganja. "Hina tupu iko? Paka. Hapa hapa, watu naona."

Nikampaka pale sokoni, katikati ya mitungi. Watu wakajaa. Wengine wananitukana, wengine wanasonya. Hawo akainua kiganja juu, akawauliza, "Sasa hii mkono ikivimba, ni jicho ya nani?"

Na mkono haukuvimba, si siku ile wala kesho yake.

Dada zangu, nawaambia wenye kupaka na wenye kupakwa. Kilichoingia sumu kitupeni, hata kama ni cha mwisho, hata kama mna cheti cha fizikia ukutani. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla hajapatikana mtu wa kubebeshwa.

Mimi sahani yangu bado ninayo, na anayeniita mchawi aje na yake nimfundishe. Hawo anauza maziwa soko zima, mlango kwa mlango. Mlango mmoja tu anaupita bila kugeuka, na shangazi yangu mpaka leo anakunywa strungi, chai bila maziwa.