Bonde Lililoandikwa Tupu

Ofisini walimwita Mama Rula. Alikuwa amechora ramani katika idara ya mipango miji kwa miaka ishirini na sita, na wenzake walimtania kwamba hata mkate haukati mpaka aupime. Alicheka nao. Lakini siku mhandisi alipomletea mchoro wa mfereji wa zege aunakili vizuri kwa ajili ya kikao, hakucheka. Mstari ulipasua bonde katikati, na juu ya bonde pameandikwa "eneo tupu."

Mama yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka mitano, aliishi kwenye utupu huo.

Alimweleza mhandisi. Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alikiri kwamba picha ya kutoka angani ilikuwa ya zamani, ila kikao kilibakiza wiki mbili na mchoro haubadilishwi kwa maneno matupu, unabadilishwa kwa vipimo. Mama Rula akaomba likizo.

Alishuka bondeni na tepu ya mita hamsini. Fundi baiskeli, jirani ya mama yake mdogo, alimshikia ncha ya pili. Siku ya kwanza watu waliwafungia milango. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo hakumung'unya maneno: "Ukituchora, ndiyo watajua pa kuanzia kubomoa."

Hofu hiyo ilikuwa ikimtafuna hata Mama Rula. Aliyejibu ni mama yake mdogo, amesimama kizingitini.

"Wasipotuona kwenye karatasi watabomoa vilevile, mwenzangu. Halafu watasema hapakuwa na mtu."

Milango ikaanza kufunguka, mmoja mmoja. Akachora nyumba mia moja na arobaini, vyoo, mabomba mawili, na ukanda wa matete ambao wakazi waliupanda kando ya kijito baada ya mafuriko. Hapo aliinama kuyatazama maji. Zege lingeyasukuma maji kwa kishindo hadi mtaa wa chini. Matete yaliyafanya yatembee.

Kikaoni mhandisi aliikodolea macho ramani mpya, kisha akauliza ingekuwaje mfereji ukizunguka na matete yakaongezwa. Nyumba kumi na moja tu ndizo zingehama. Kazi ya kuchora mzunguko huo akaachiwa Mama Rula.

Alichora mara tatu. Kila mstari ulipoikwepa nyumba ya mama yake mdogo, ulikanyaga nyingine sita. Mwishowe akapiga moyo konde, akauacha upite, akaenda kumwambia mwenyewe.

"Ni mkono wako uliochora?"

"Ni wangu, mama."

"Ungeweza kuusogeza?"

"Ningeweza. Ungewaangukia wenzako sita."

Mama mdogo, aliyekuwa akikunja nguo, aliendelea mpaka kapu likajaa. Kisha akamwambia aende tu, wataongea siku nyingine.

Siku hiyo ilichukua miezi miwili kufika. Mama mdogo alihamia upande wa juu, mwendo wa dakika kumi, kwenye nyumba ndogo ya fidia yenye hati ya jina lake, ya kwanza maishani mwake. Hata hivyo analalamika: jua la mchana linamvamia jikoni, na redio ya jirani haijui kunyamaza.

Mvua kubwa zilipokuja, kijito kilifurika mpaka kwenye matete, kikakomea hapo. Mama Rula alimpelekea habari hizo. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamvutia kiti.

"Bado sijamaliza kukukasirikia," alisema. "Lakini kaa."